Mpaka Kanuni Itiwe Saini

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mafundi walisimama foleni na mabomba mabegani, kina mama walibishana juu ya bei ya vitasa, na kwenye kona ya rangi mashine ya kuchanganyia ilikuwa inatikisa ndoo kwa kelele iliyomfanya kila mtu apige mayowe badala ya kuzungumza. Mbele ya mashine hiyo alisimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa gauni la kitani la rangi ya udongo na viatu vya kamba, nywele amezisuka mistari iliyokutana kwenye kifundo juu ya shingo. Ofisini walimwita Nukta, kwa sababu hakuna waraka uliopita mikononi mwake bila kurekebishwa nukta na mkato. Leo hakuwa ofisini. Alikuwa na chumba kimoja cha kupaka rangi, na hakujua aanzie wapi.

"Dada, hiyo uliyoshika ni ya mafuta," sauti ilisema nyuma yake. "Kama ni ya chumba cha kulala, jiandae kuhamia sebuleni. Harufu yake haina adabu."

Aligeuka. Alikutana na mwanamume mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono hadi viwikoni, tabasamu lake likianzia upande mmoja wa mdomo kabla ya kufika upande wa pili.

"Wewe ni fundi?"

"Hapana. Mimi ni mtu anayependa kuingilia yasiyomhusu."

"Basi leo umepata kazi."

Kabla hajamaliza kusema, kifuniko cha ndoo iliyokuwa kwenye mashine kikaruka. Muuza duka hakuwa amekibana. Rangi ya njano ilichupa hewani na kutua yote kwenye kifua cha yule mwanamume, kana kwamba ilimlenga yeye tu. Watu waliruka nyuma. Muuza duka alianza kuomba radhi na kutukana mashine kwa pumzi moja. Nukta aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Cheka tu," yule mwanamume alimwambia, mikono ameitanua kama nguo iliyoanikwa. "Usijibane hivyo, utapasuka."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaona haya, akatoa leso na kuanza kumfuta, jambo lililozidisha uharibifu.

"Nitakufulia hilo shati."

"Hii haifuliki. Nipe namba yako ya simu, nikulaumu vizuri nikishafika nyumbani."

"Kwani mimi ndiye niliyekumwagia?"

"Ungekuwa na sura mbaya nisingesimama hapa. Kosa ni lako."

Alimpa namba. "Andika Nukta."

"Nukta tu?"

"Nukta tu. Na wewe?"

"Wananiita Spika."

"Spika wa bunge?"

"Hapana bibie, spika ya redio. Nikishawashwa sizimiki."

Jioni ile ile simu ililia. "Nimepiga kulaumu," alisema. Kesho yake alipiga tena, akidai lawama zilikuwa hazijaisha. Kufikia katikati ya wiki Nukta alikuwa anakula haraka ili simu imkute amemaliza, na Spika alikuwa anakataa kubaki ofisini baada ya saa za kazi, yeye ambaye zamani alifungua mlango asubuhi na kuufunga mwenyewe jioni.

"Ila tuwe na sharti," Nukta alimwambia. "Tusizungumze kazi. Mchana kutwa nasikia maneno ya kazi. Jioni nataka maneno ya watu."

"Hapo umenipa zawadi. Mimi mchana kutwa nasema maneno ya wenzangu. Jioni nataka kusema yangu."

Kwa hiyo walichojua kuhusu kazi kilikuwa kidogo: mwanamke anaandikia serikali, mwanamume anawasemea wafanyabiashara. Yaliyobaki, namna mmoja anavyopenda kulala ubavu wa kushoto na mwingine anavyoogopa mijusi, waliyajua yote.

Jumamosi iliyofuata Spika alikuja kupaka chumba. Nukta aliishi na mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Mama huyo alibeba kiti, akakiweka mlangoni pa chumba, akajifanya anashona kifungo.

"Shikamoo mama," Spika alisema kutoka juu ya ngazi.

"Marahaba baba. Unapaka ukuta au unamtazama mwanangu?"

"Vyote viwili, mama."

"Ndiyo maana ile kona umeikosa."

Walipomaliza, chumba kilinukia upya, na wao walikuwa na madoa hadi masikioni. Mama mdogo alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji kuchemka. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

* * *

Mkutano wa wadau ulifanyika ukumbi wa wizara ya afya, ghorofa ya chini, penye viti vinavyogota sakafu na kipaza sauti kinachopiga mluzi. Nukta aliingia amevaa suti ya buluu iliyokoza, karatasi kifuani. Mkurugenzi wake, mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Mkurugenzi, alimtambulisha kuwa ndiye aliyeandika rasimu ya kanuni za kupiga marufuku madini ya risasi kwenye rangi.

Upande wa pili wa meza walikaa watu wa Chama cha Watengenezaji Rangi. Katikati yao alikuwa Mwenyekiti, bwana mnene wa suti ya kijivu, mwenye kiwanda kikubwa kuliko vyote. Kulia kwake, mbele ya kibao kilichoandikwa MSEMAJI, alikaa Spika.

Macho yao yalikutana. Nukta alihisi kama ngazi imeondolewa chini ya miguu yake. Spika aliinua mkono kidogo, kama mtu anayetaka kusalimia, kisha akaushusha chini ya meza.

Nukta alisimama kueleza rasimu. "Madini ya risasi huwekwa kwenye rangi ili ing'ae na ikauke upesi," alisema. "Rangi ikichakaa inakuwa vumbi. Mtoto analilamba. Na yule anayeichanganya kila siku analivuta kwa pua. Huanza tumbo kuuma. Halafu mtu anakuwa msahaulifu. Halafu mikono inatetemeka, na nyumbani wanasema ni uzee."

Kalamu ya Spika ilisimama. Baba yake alikuwa mchanganya rangi, katika banda nyuma ya nyumba. Alimlea peke yake na kumsomesha kwa ndoo hizo. Siku hizi mzee alikunywa chai katika kikombe kilichojazwa nusu, ili isimwagike. Nyumbani walisema ni uzee.

Lakini zamu yake ilifika, na kazi ni kazi. Alisimama akaomba muda: si mwaka mmoja kama rasimu ilivyosema, bali mitano. Alisema vizuri, kama kawaida yake. "Wako watu wasio na maabara wala mkopo wa benki. Sheria ikija kwa pupa, mkubwa atakohoa tu, mdogo atakufa. Wako wazazi waliosomesha watoto kwa ndoo ya rangi. Mimi ni mmoja wa watoto hao."

Nukta aliona kwamba hasemi uongo. Hilo lilimuumiza kuliko kama angekuwa anadanganya.

Walikutana kwenye korido, karibu na mtungi wa maji ya kunywa.

"Ulijua?" Nukta aliuliza.

"Ningejua ningebadilisha kazi kabla ya kubadilisha shati."

"Usinichekeshe. Si sasa hivi."

"Samahani." Alishusha sauti. "Nukta, hii ni kazi tu. Wewe sema yako, mimi niseme yangu, jioni tukutane."

"Haiwi hivyo. Lazima nimwambie bosi wangu."

"Umwambie nini? Kwamba tumepaka chumba?"

"Kwamba nakupenda!"

Alilisema kwa hasira, mara ya kwanza, mbele ya mtungi wa maji, na mhudumu aliyekuwa anapita na sinia la vikombe akapunguza mwendo. Spika alifungua mdomo. Nukta hakungoja jibu, aligeuka akapanda ngazi, viatu vyake vikigonga kila kidato.

Mama Mkurugenzi alimsikiliza bila kumkatiza, akavua miwani.

"Umefanya vizuri kuniambia mapema, mwanangu. Sasa sikiliza. Mpe mwenzako wa ofisini rasimu, uendelee na mtu wako; sitakulaumu. Au ubaki na rasimu, na mtu wako akae mbali, simu na kila kitu, mpaka kanuni itiwe saini. Vyote viwili kwa pamoja haviwezekani. Siku wenye viwanda wakitaka kuiangusha kazi hii, wataanzia hapo hapo."

Nukta alitazama dirishani. Mwaka uliotangulia alikuwa ametembelea shule ya chekechea yenye madawati ya rangi za kupendeza, nyekundu, kijani, na kila dawati lilikuwa na alama za meno pembeni. Watoto walikuwa wameota meno na kuyajaribia pale. Vipimo vya damu viliporudi, mwalimu wao alikaa chini sakafuni. Tangu siku hiyo alikuwa ameiandika rasimu ile na kuiandika upya, neno kwa neno.

"Nitabaki na rasimu," alisema. Kisha alikwenda chooni, akalia, akanawa uso, akarudi mezani.

Jioni alipiga simu ya mwisho.

"Mpaka lini?" Spika aliuliza.

"Sijui. Miezi. Kuna wanasheria, kuna waziri, kuna kamati ya bunge. Na bosi anakwenda kufanyiwa operesheni ya macho miezi michache ijayo. Akirudi labda mambo yataenda haraka."

"Kwa hiyo sauti yako siisikii tena?"

"Utaisikia mezani. Nitakuita Ndugu Msemaji."

"Na mimi nikuiteje?"

"Afisa."

"Afisa," alijaribu. "Lina uchungu mdomoni kama dawa ya malaria."

"Litazoeleka."

"Usiseme hivyo. Sitaki lizoeleke." Akavuta pumzi. "Lile neno ulilolisema koridoni. Sikukujibu."

"Usinijibu sasa, nitashindwa kukata simu."

"Basi nitalitunza. Kwaheri, Afisa."

* * *

Miezi ikaanza kwenda kwa mwendo wa ofisi za serikali, ambazo haziwahurumii wapenzi. Kila baada ya muda pande mbili zilikaa, kifungu kikajadiliwa, kikarudishwa. Nukta na Spika walikaa wametenganishwa na upana wa meza, chupa za maji, na watu kumi wasiojua kitu.

Katika kikao kimoja Spika aliinua mkono. "Kabla hatujaendelea, Chama kinapenda kufahamu iwapo afisa ana afya njema, kwa kuwa kikao kilichopita hakuhudhuria."

Mwenyekiti alimgeukia kwa mshangao.

"Wizara inashukuru," Nukta alijibu akitazama karatasi. "Afisa alikuwa na mafua. Amepona."

"Chama kimefarijika sana."

"Turudi kwenye kifungu cha nne," Mama Mkurugenzi alisema, na kona ya mdomo wake ikacheza.

Siku nyingine Spika alisimama kueleza msimamo wa wanachama. Nukta alikuwa amevaa blauzi nyeupe yenye kola ya duara, amepungua uso. "Chama kina wasiwasi mkubwa," alianza, "kwamba muda huu ni mrefu mno. Unachosha. Hauvumiliki."

"Mfupi!" Mwenyekiti alimnong'oneza kwa ukali. "Sema muda ni mfupi!"

"Samahani. Mfupi."

Nukta aliinamisha kichwa juu ya rasimu. Herufi zote ziliogelea.

Nyumbani aliketi katika chumba kile kilichopakwa, simu mapajani, akiandika ujumbe na kuufuta. "Hiyo simu ukizidi kuikodolea macho itaona haya," mama mdogo alimwambia, kisha akakaa naye kitandani, akamshika kiganja. Spika naye, mchana wa mapumziko, alizoea kupita mbele ya jengo la wizara na kuinua macho kwenye madirisha ya ghorofa ya tatu, akijaribu kukisia lipi ni la Nukta. Hakupatia hata mara moja. Dirisha la Nukta lilikuwa upande wa nyuma, likitazama maegesho ya magari, na yeye huko aliangalia kila gari jeupe lililoingia.

Wakati huo Spika alikuwa anapigana vita nyingine.

"Baba, twende ukapime damu."

"Nimechanganya rangi kabla hujazaliwa."

"Ndiyo sababu nakuomba."

Mzee aligoma, akalegea, akaenda akilalamika njia nzima. Daktari aliyasoma majibu mara mbili, kisha akamwambia asiingie tena katika lile banda bila kujifunika uso, na bora asiingie kabisa.

Spika alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. "Kiwanda chako kinatengeneza rangi isiyo na risasi ya kuuza nje. Nimeona makopo. Kwa nini basi tunaomba miaka mitano?"

Mwenyekiti hakukasirika. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini mvua hunyesha. "Huko nje walishaikataa. Hapa bado hawajaikataa. Wewe kazi yako ni kusema, siyo kuuliza."

Angeweza kuacha kazi siku ile. Alijiambia habaki kwa ajili ya mshahara, anabaki kwa ajili ya wale wadogo ambao hawana mtu mwingine wa kuwasemea. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Meza ile ilikuwa ndiyo sehemu pekee duniani alipoweza kumwona Nukta.

* * *

Mama Mkurugenzi alikwenda kufanyiwa operesheni. Wiki hiyo hiyo rasimu ilirudi kutoka ofisi ya waziri ikiwa imegeuzwa. Mwaka mmoja umekuwa mitano. Kifungu cha shule na vifaa vya watoto hakipo. Nukta aliuliza, akaambiwa Mwenyekiti wa Chama alikuja mwenyewe kumwona waziri, wakazungumza, na kwa kuwa mkurugenzi hayupo, hakuna aliyeitwa kujibu.

Nani aliyejua kwamba mkurugenzi hatakuwepo? Nukta alikaa na swali hilo mpaka likamchoma. Mtu wa nje ambaye yeye alimwambia alikuwa mmoja tu.

Alivunja sharti, akapiga.

"Nukta?" Sauti ya Spika ilipasuka kwa furaha. "Imesainiwa?"

"Umenitumia."

"Nini?"

"Nilikuambia wewe peke yako kuhusu operesheni ya bosi. Wewe peke yako! Na bosi wako akangoja siku hiyo hiyo."

"Sikumwambia mtu. Naapa."

"Alijuaje?"

"Sijui."

"Unajua kila siri ya wenye viwanda, ila hii hujui."

"Nukta, mpenzi, nisikilize..."

"Nimekusikiliza miezi yote hii. Unasema vizuri sana. Ndiyo kazi yako." Akakata.

Ukweli ni kwamba Mwenyekiti hakuhitaji mpelelezi wa mapenzi. Yeye na mshauri wa waziri walinyolewa na kinyozi mmoja, viti jirani, na habari ya operesheni aliipata akiwa na povu kidevuni. Lakini Nukta hakulijua hilo. Spika naye hakulijua. Alijaribu kupiga simu ikaita bure. Aliandika ujumbe, "Sikufanya," akaona umesomwa, akangoja. Hakuna kilichorudi.

* * *

Kikao cha kamati ya bunge cha kuijadili rasimu kilikuwa cha wazi. Waandishi wa habari walikaa pembeni, mashahidi waliapishwa mmoja mmoja. Nukta alikaa safu ya wizara, suti nyeusi, uso umefungwa. Spika alipoitwa mezani alitembea kama mtu ambaye hakulala.

Alisoma maelezo ya Chama. Aliyasoma bila kuyaimba, kinyume na desturi yake. Alipomaliza, mbunge mmoja, mwanamke aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa, aliweka kiwiko mezani.

"Ndugu Msemaji, nina swali dogo. Kuna mwanachama wenu anayeweza kutengeneza rangi isiyo na risasi leo? Sisemi baada ya miaka mitano. Leo."

Nyuma ya Spika, Mwenyekiti alikohoa.

Nukta alingoja Spika amtupie jicho, kama alivyofanya katika kila kikao. Hakumtazama. Alitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza, imara, isiyotetemeka.

"Yupo," alisema.

"Nani?"

"Mwenyekiti wetu. Kiwanda chake kinaitengeneza sasa hivi, kinaiuza nje. Hii tunayobaki nayo hapa ni ile iliyokataliwa huko." Ukumbi ulivuma. Aliinua sauti kidogo. "Lakini naomba msinielewe nusu, waheshimiwa. Wako wachanganyaji wadogo wasio na uwezo huo. Hao wanahitaji mwaka mmoja, na mtu wa kuwafundisha. Mmoja wao ni baba yangu. Hawezi tena kushika kikombe kilichojaa. Nimesimama mbele ya wizara miezi yote hii nikiomba aendelee kuumia kwa miaka mingine mitano, na nilikuwa nasema kwa niaba yake."

Mwenyekiti aliinuka akatoka. Kabla ya jioni Spika hakuwa na kazi.

Nukta alibaki kwenye kiti mpaka ukumbi ukawa mtupu. Miguu ilitaka kumkimbilia. Lakini kanuni ilikuwa bado haijatiwa saini, na juu ya hilo kulikuwa na maneno yake mwenyewe ya kwenye simu, ambayo sasa hakuwa na hakika nayo.

Kamati iliirudisha rasimu wizarani ikiwa na meno: viwanda vikubwa vianze mara moja, wadogo wapewe mwaka na mafunzo, na kifungu cha shule kirudi mahali pake. Magazeti yalikuwa yameandika, watu walikuwa wanauliza madukani, na waziri ambaye jana alikuwa msikivu kwa Mwenyekiti leo alikuwa msikivu kwa umma. Akatia saini mbele ya kamera.

Mama Mkurugenzi, aliyerudi na macho mapya, alimwita Nukta ofisini. "Unajua Mwenyekiti alijuaje kwamba sipo? Kwa kinyozi. Mshauri wa waziri amesimulia mwenyewe, tena anacheka, anaona ni hadithi nzuri."

Nukta aliketi bila kuambiwa aketi.

"Saini imewekwa, mwanangu," Mama Mkurugenzi alisema taratibu. "Unangoja nini?"

Alingoja ujasiri. Aliishika simu asubuhi, akaiweka. Aliishika jioni, akaiweka. Upande wa pili Spika alisikia habari ya saini redioni, akachaji simu yake ikajaa, akaiweka karibu. Siku zikapita haikulia. Akasema moyoni, basi, amenitupa kabisa. Hakumlaumu. Ila kila ilipotoa mlio wa ujumbe wa kampuni ya simu, aliirukia kama mgonjwa anayengoja majibu.

* * *

Jumapili moja mchana Nukta alivaa gauni jekundu la vitone, akajipaka wanja, akaufuta, akaupaka tena. Mama mdogo alimfungulia mlango. "Nenda kabla hujabadilisha mawazo na nguo tena."

Banda la baba yake Spika lilikuwa nyuma ya nyumba ndogo ya matofali, madumu yamepangwa ukutani, mizani juu ya meza, magunia ya unga mweupe wa chokaa chini ya turubai. Spika alikuwa amevaa aproni na barakoa, akikoroga. Baba yake aliketi nje kwenye kiti, kwa umbali aliowekewa na daktari, akiamuru.

"Ongeza kidogo. Kidogo, nimesema! Hiyo ni nusu ya gunia."

"Hodi," Nukta alisema.

Mti wa kukorogea ulisimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee alimtazama juu hadi chini, bila haraka. "Wewe ndiye Nukta. Karibu. Huyu mtoto amekuwa bubu tangu kanuni itiwe saini. Nilimlea akiwa na kelele, nimeshazoea. Ukimya wake unaniumiza kichwa."

Spika alivua barakoa. Alama zake zilibaki mashavuni. Walisimama wakitazamana, na baina yao hapakuwa na meza.

"Nimekuja kuomba radhi," Nukta alisema. "Sikutaka kuomba kwa simu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Ilikuwa kinyozi."

"Kinyozi?"

"Nitakueleza. Hukuwa wewe."

"Mimi nilikuwa najua siyo mimi," alijibu, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Uliniumiza, Nukta. Kazi nimepoteza nikasimama. Ile simu ndiyo iliyoniangusha."

"Najua."

"Na kitu kingine ujue. Siku ile kwenye kamati sikusema kwa ajili yako."

"Hilo nalo najua. Hukunitazama hata mara moja. Ndiyo maana nimeweza kuja." Alipiga hatua mbele. "Ungesema kwa ajili yangu, ningeogopa kwamba siku tukigombana utasema kingine."

Spika alishusha macho, akafuta mikono kwenye aproni muda mrefu, ingawa mikono ilikuwa safi.

"Sina kazi," alisema. "Nina banda na mzee mkali."

"Nimesikia wachanganyaji wadogo wanatafuta wa kuwasemea wizarani."

"Nikiwasemea, si tutarudi mezani tena? Ndugu Msemaji, Afisa?"

"Nimeomba kuhamishiwa idara ya chanjo. Huko hakuna rangi." Akapiga hatua nyingine. "Siwezi tena kukuita Ndugu Msemaji. Kila nilipokuita hivyo nilirudi nyumbani nikiwa na homa."

Alimfikia. Paji la uso wake liligota kifua cha aproni, na mikono ya Spika, baada ya kusita kidogo, ilimzunguka. Harufu ya chokaa ilimjaa puani. Alihisi moyo wa Spika ukipiga chini ya kitambaa.

"Kuna sentensi," Spika alisema juu ya nywele zake. "Nimeifanyia mazoezi miezi yote. Mbele ya kioo, njiani, humu bandani. Sasa nikikuona hivi..." Akaanza upya. "Nukta. Mimi. Kama wewe..."

"Anataka kukuoa!" mzee alipiga kelele kutoka kitini. "Nimeisikia hiyo sentensi mpaka nimeikariri!"

"Baba!"

Nukta alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na wanja ukateremka. "Mwambie nimekubali, baba," alisema bila kuinua kichwa. "Ila aiseme mwenyewe."

Mzee aliugeuza uso upande mwingine, kwa adabu.

Spika aliisema. Aliisema polepole, sikioni mwake, bila mbwembwe hata moja, na ndani yake alitia lile jibu la koridoni alilokuwa amelitunza muda wote ule.

Nukta alifumba macho.

"Irudie," alisema.

Akairudia.

"Tena."